Baraza ya Mtambaji na Meza ya Mwandishi: Mwabungo katika Historia ya Riwaya ya Kiswahili

Historia ya riwaya ya Kiswahili aghalabu husimuliwa kwa kutaja miji: Mombasa ya James Mbotela, Tanga ya Shaaban Robert, Unguja ya Mohamed Said Abdulla. Mwabungo, kijiji cha Wadigo kilichoko pwani ya Kwale baina ya Diani na Msambweni, hakimo katika orodha hiyo. Wahakiki wanapokabiliwa na ukimya wa namna hii huelekea kuueleza kwa njia mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba penye fasihi simulizi yenye nguvu riwaya haihitajiki. Wapo pia wanaoichukulia ngano kuwa riwaya changa, ambayo ingekomaa yenyewe lau ingepewa muda. Makala hii inapinga maelezo yote mawili. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba utunzi wa riwaya ni kazi yenye masharti yake ya kihistoria, na kwamba masharti hayo hayakugawiwa kwa usawa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Sharti la kwanza ni lugha. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuusimamia usanifishaji huo. Kwa mtunzi wa Mombasa, uamuzi huo ulimaanisha kukiweka kando Kimvita pale alipotaka kuandika nathari ya kuchapishwa. Kwa kijana wa Mwabungo safari ilikuwa ndefu zaidi. Nyumbani alisema Chidigo. Kiswahili cha majirani zake wa kusini, hadi Wasini na Vanga, kilikuwa cha lahaja za Chifundi na Vumba. Kitabuni alikikuta Kiunguja.

Hata hivyo, sharti hili lisitiliwe chumvi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alikuwa na asili ya Kiyao. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa walioachwa huru ya Freretown. Waasisi hawa wawili hawakuwa warithi wa koo kongwe za miji ya Waswahili, na bado nathari ya lugha hii imesimama juu ya kazi zao. Umbali wa mtu na lahaja teule, peke yake, haukumzuia kuandika.

Sharti la pili lina uzito zaidi, nalo ni meza: mshahara, karatasi na mazoea ya kuandika kila siku. Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, kisha akafanya kazi katika idara ya wanyama na katika ofisi za serikali mjini Tanga. Mohamed Said Abdulla alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Ajira hizi hazikuwapa riziki tu. Ziliacha alama katika fani. Kusadikika (1951) imejengwa kama kesi: Karama anashtakiwa, anajitetea siku baada ya siku, na utetezi wake ni mfululizo wa habari za wajumbe. Muundo wa hadithi ndani ya hadithi ni wa kale, na msomaji wa Alfu Lela Ulela anaufahamu. Lakini utaratibu wa shtaka, ushahidi na hukumu ni wa mtu aliyezizoea nyaraka za serikali. Vivyo hivyo Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anayezifuata dalili ndogondogo hadi ukweli ufichuke, ana jicho la mkaguzi.

Sharti la tatu ni hadhira. Mtambaji wa ngano anayo mbele yake. Inaitikia, inacheka, inamsahihisha, nayo humfanya arefushe au afupishe. Mwandishi mezani hana anayemwitikia, hivyo hulazimika kuijenga hadhira ndani ya matini. Baraza la kifalme linalomsikiliza Karama linaweza kusomwa kama jibu la tatizo hilo: mtunzi amelichukua baraza la wasikilizaji akalitia kitabuni. Kwa hiyo ngano haigeuki riwaya kwa kukua tu. Kinachopotea njiani hakina budi kuundwa upya kwa mbinu nyingine.

Sharti la nne ni mchapishaji. Mswada wa Kufikirika ulikamilika mwaka 1946, ukachapishwa mwaka 1967, miaka 21 baadaye na miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Ikiwa mtunzi mashuhuri kuliko wote alisubiri kiasi hicho, ni dhahiri kwamba kutokuwepo kwa kitabu si ushahidi wa kutokuwepo kwa kipaji.

Kusini mwa Mombasa hakujakosa nafasi katika riwaya, bali kumeingia kwa mlango wa pembeni. Katama Mkangi, mwandishi wa pwani kutoka jamii pana ya Wamijikenda ambayo Wadigo ni sehemu yake, alitoa Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa, akaachiliwa mwaka 1988. Mwaka 1995 ilitoka Walenisi, ambayo mhusika wake mkuu, aliyehukumiwa kifo, anafika katika nchi yenye utaratibu mwingine wa maisha. Mhusika huyo anaitwa Dzombo, jina ambalo pia ni la kilima kilichoko Kwale. Karama na Dzombo wote wawili wamesimama mbele ya dola. Lakini Mkangi alilifahamu gereza kwa mwili wake, na meza yake haikuwa ya karani anayelindwa na mshahara.

Yafaa basi swali linaloulizwa kuhusu Mwabungo libadilishwe. Kuuliza kijiji kimetoa riwaya ngapi ni kuhesabu meza, mishahara na mitambo ya kuchapia, kisha kuyaita matokeo hayo kipimo cha ubunifu. Swali lenye tija ni jinsi mtambaji anavyopanga taharuki, anavyogawa sauti za wahusika na anavyoifanya hadhira ishiriki. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioko jirani, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Msitu waweza kuhifadhiwa kwa kukatazwa shoka. Utambaji hauhifadhiki hivyo: huishi kwa kutendwa na kusikilizwa, na uhakiki utakaoendelea kuuchukulia kuwa malighafi ya riwaya utakuwa umeupita bila ya kuusikia.