Nasaba Yenye Majina ya Mama

Tarikhi za pwani yetu zina mazoea ya kuhesabu akina baba. Ya Kilwa hutaja sultani, baba yake na babu yake, kisha husonga mbele. Ya Pate, iliyosimuliwa na Bwana Kitini na kuandikwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, mara nyingi humkumbuka mwanamke pale ndoa yake inapomfungulia mtu mlango wa ufalme, kama Mnabahani aliyemwoa binti wa mfalme wa Pate akarithi kiti cha mkwewe. Hata nasaba ya Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar husomwa hivyo hivyo: Said, kisha Thuwaini, Majid, Barghash, kama kwamba vijana hao walizaliwa katika nyumba isiyo na wanawake. Kitabu kilichowarudisha akina mama katika hesabu hiyo kilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, na mwandishi wake alikuwa mmoja wa mabinti wa Said. Nashikilia kwamba kumbukumbu za Bibi Salme, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete, zafaa kusomwa kwanza kama historia ya ukoo, na kwamba bila hizo siasa ya Unguja ya miaka ya 1850 haieleweki vizuri.

Kazi yenyewe ilianza kama jambo la nyumbani. Salme alizaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku moja, 30 Mei 1867, akapelekwa Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Katika utangulizi wake Salme anaeleza kwamba alianza kuandika miaka tisa kabla ya kitabu kutoka, kwa ajili ya watoto hao ambao juu ya asili yake hawakujua mengi zaidi ya kuwa ni Mwarabu na ametoka Unguja. Afya ilikuwa imemlegea, akahofu kwamba hataishi hadi wakue awasimulie mwenyewe. Hata uwezo wa kuandika aliupata kwa siri: akiwa binti, alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa binti wa jumba lile alifundishwa kusoma tu.

Anachokiandika ni nyumba, na watu waliokaa ndani yake. Said alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria. Mke wake mkuu, Bibi Azza binti Seif, hakuzaa. Kisheria mtoto wa suria ni muungwana na ni mrithi sawa na wenzake, kwa hiyo karatasi za mirathi hazikuwa na haja ya kuuliza mama ametoka wapi. Salme anauliza. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkasi wa Kaukazi aliyetekwa akiwa mtoto, wazazi wake wakauawa, yeye na ndugu zake wakatenganishwa. Masuria wengine walikuwa Wahabeshi, na uhasama wa pande hizo mbili ulishuka hadi kwa watoto. Watoto wa Wacherkasi waliitwa paka na ndugu zao kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Kejeli kama hiyo haimo katika ripoti ya balozi yeyote, lakini ndiyo inayotuonyesha kwamba Majid, mwana wa Mcherkasi, na Barghash, mwana wa Mhabeshi, walipogombania kiti mwaka 1859, ugomvi wao ulikuwa na mizizi uani. Wala mizizi hiyo haikuwa kanuni: Salme mwenyewe, Mcherkasi kwa mama, aliyekuwa amelelewa katika nyumba ya Majid, alivutwa na dada yake Khole upande wa Barghash, akawa karani wa njama akiwa na miaka kama 15. Njama ikashindwa na Barghash akapelekwa Bombay.

Wapo watakaosema kwamba shahidi huyu ana maslahi. Ni kweli. Mwaka 1885 alirudi Unguja chini ya kivuli cha meli za vita za Ujerumani, akidai urithi wake, na Bismarck alimtumia kumbana Barghash, ambaye alikataa hata kumwona. Lakini nasaba ipi ya pwani iliandikwa bila maslahi? Shajara nyingi zilitunzwa kwa sababu ya shamba, cheo au kiti, na mwenye kudai mirathi ndiye mwenye sababu ya kuwajua ndugu zake mmoja mmoja. Tena maungamo yake ya njama yanamvunjia hadhi mwenyewe: anakiri kumsaliti Majid, kaka aliyempenda, na anajuta. Mtu anayetunga ili apendwe angelificha hilo.

Lawama nzito zaidi ni juu ya utumwa. Salme anautetea, akiwakemea Waingereza kwa kuukomesha kwa pupa, na hapo simfuati hata hatua moja. Lakini kitabu chake kinabishana na mwenye kukiandika. Mwandishi huyo huyo amekwisha kutueleza jinsi mama yake alivyonyakuliwa mbele ya maiti za wazazi wake. Rai yake tuitupe, ushahidi tuuweke. Kingine ninachosikitikia ni kwamba watumishi wa Kiafrika waliojaza jumba la Mtoni, ambalo yeye anakisia lilikuwa na watu kama elfu, wengi wao hawana majina katika kurasa zake. Nasaba yake ilipanuka hadi kwa masuria, ikasimama hapo.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, naye alimwandikia babu yake kitabu, kilichotoka 1929. Ni kazi ya heshima, imejaa mikataba, mabalozi na majeshi, na akina mama wamerudi kuwa kivuli. Barua za Salme kuhusu maisha yake ya Ujerumani zilibaki bila kuchapishwa kwa karibu miaka 70 baada ya kifo chake, kilichomkuta Jena mwaka 1924. Bet il Hukm, nyumba ya wanawake mjini, iliangushwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na Mtoni pamebaki kuta. Anayekwenda kuzitazama asome kwanza sura ya kwanza ya Bibi Salme, maana humo ndimo zilimobaki ngazi, mabirika ya kuogea na majina ya waliokaa vyumbani.