Mwenye Mashine Kwanza

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, walichapisha makala kuhusu programu waliyoiita Condor. Michael Litzkow, Miron Livny na Matt Mutka walikuwa wameifuatilia kwa mwezi mzima kwenye kompyuta 23. Kila moja ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akienda darasani, kula au kulala, ilibaki inawaka bila kazi, huku mwenzake wa chumba cha pili akiwa na hesabu za siku nzima na hana mashine za kutosha.

Mimi natunza kompyuta za maabara chuoni, na katika historia yote ya gridi, yaani kuziunganisha kompyuta za watu na taasisi mbalimbali zifanye kazi moja, hakuna programu ninayoiheshimu kama hiyo.

Condor iliangalia kwanza kama mashine inatumika. Ikiona kimya cha kutosha, huleta kazi ya mtu mwingine. Mwenye mashine akirudi na kugusa kitufe kimoja tu, kazi ya mgeni inasimama palepale. Akiendelea kukaa, Condor huhifadhi kila kitu cha kazi ile, pamoja na namba zilizokuwa kwenye kumbukumbu, kisha huihamishia kompyuta nyingine ikaendelee ilipoishia. Mutka na Livny walifikiria hata foleni: aliyetumia mashine nyingi kwa muda mrefu anarudishwa nyuma, ili mwenye kazi ndogo ya mara mojamoja naye apate. Huo ni uungwana ulioandikwa ndani ya programu, na ndio uliowafanya watu wakubali kuazima mashine zao.

Globus, programu nyingine ya gridi, ilikuja na ndoto kubwa zaidi. Mwaka 1995, kwenye mkutano wa kompyuta kuu mjini San Diego, maonyesho ya I-WAY yaliunganisha vituo 17. Kutokana na kazi hiyo Ian Foster, Carl Kesselman na Steve Tuecke walijenga zana za kumwezesha mtafiti wa taasisi moja kutambuliwa kwenye kompyuta za nyingine kwa cheti kimoja cha kidijitali, bila kuomba nywila mpya kila mlango. Lilikuwa tatizo gumu kwelikweli, na walilitatua. Lakini toleo la 3 la Globus, la mwaka 2003, lilijengwa juu ya misingi mipya ya huduma za wavuti, na la 4, mwaka 2005, likaibadilisha tena. Anayetunza seva anajua maana yake: kujifunza upya, kusanidi upya. Mwanzoni mwa 2018 waasisi waliacha kuihudumia. Kwa kuwa ilikuwa programu huria, waliokuwa wakiitegemea waliichukua wakaiendeleza wenyewe.

Wazo la Madison, la kutumia mashine iliyokaa bure, lilifika hadi majumbani kupitia BOINC, programu huria ya David Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hapo ndipo historia hii inapotugusa sisi. Mwaka 2006 mradi wa MalariaControl.net ulianza kutumia kompyuta za watu wa kujitolea kuiga jinsi malaria inavyoenea Afrika. Hesabu hizo zilitoka Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ileile iliyofungua maabara Ifakara, Tanzania, katika miaka ya 1950.

Condor yenyewe ipo hai. Tangu 2012 inaitwa HTCondor, na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, huitumia kupanga kazi za uchambuzi wa data zake.

Wenzangu mnaotunza maabara, HTCondor haina malipo, leseni yake ni ya Apache, na inakubali Linux na Windows. Najua umeme ni ghali, kwa hiyo anzeni na kompyuta ambazo tayari zinakesha zikiwaka. Kisha waulizeni wanafunzi wa uzamili wana hesabu gani zinazosubiri mashine.