Kuvu Ipandayo Ubongoni

Mkulima wa Embu hahitaji kufundishwa kwamba kuvu ni adui. Katika miteremko ya Mlima Kenya huinyunyizia mibuni yake dawa ili kuikinga na chulebuni, ugonjwa wa kuvu uozeshao tunda la kahawa likingali bichi, ambao ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Nduguye wa Mbeere, katika nchi ya chini yenye joto, huanika mahindi yake vema kabla ya kuyatia ghalani, kwa kuwa ajua kwamba mahindi yenye kuvu huweza kuua. Lakini iko kuvu nyingine isiyotaka tunda wala punje. Hiyo humwingia mtu mwenyewe, ikapanda hata ubongoni. Habari za jinsi wanadamu walivyojifunza kuitambua na kuitibu ni historia ya zaidi ya miaka 120, na ndani yake mna somo limpasalo kila kijana ajuaye kusoma.

Kuvu hiyo huitwa kriptokokasi. Makao yake ni udongo, miti iozayo na mavi ya njiwa. Hupeperushwa pamoja na vumbi, nasi huivuta kwa pumzi bila ya kujua. Kwa mtu mwenye afya mara nyingi haileti msiba, maana askari wa mwili wake huikamata mapafuni na kuifunga. Msiba huja askari hao wapunguapo: kwa mtu aliyedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, au mwenye saratani ya damu, au aliyepandikizwa figo akapewa dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Hapo mfungwa huvunja gereza, akasafiri kwa njia ya damu, akatua katika ngozi za ubongo.

Mwaka 1894, katika mji wa Greifswald nchini Ujerumani, Otto Busse na Abraham Buschke walichunguza uvimbe wa mfupa wa mguu wa mwanamke mmoja, wakaikuta kuvu hii. Mwaka ule ule Francesco Sanfelice wa Italia aliikuta katika maji ya tunda la pichi. Mwanamke yule alifariki. Adui alikwisha kujulikana, lakini silaha haikuwapo. Na kwa muda wa miaka ipatayo 60 iliyofuata, karibu kila mtu ambaye kuvu hii iliingia ubongoni mwake alikufa.

Kuitambua si jambo gumu kwa mwenye vyombo. Daktari hupitisha sindano baina ya mifupa ya kiuno, akatoa maji kidogo ya uti wa mgongo. Fundi wa maabara huchanganya tone la maji hayo na wino mweusi, kisha hulitazama kwa hadubini. Kuvu hii ina gamba nene lenye utelezi, wala wino hauwezi kulipenya. Basi kila chembe huonekana imezungukwa na duara ya nuru katikati ya giza. Ila chembe zikiwa chache, jicho huweza kuzikosa. Tangu mwaka 2011 kimekuwapo kipimo cha utepe ambacho kwa tone la damu hutoa jibu kwa dakika chache, nacho huweza kuonyesha dalili ya kuvu majuma kadha kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Na dawa je? Mwaka 1950 Elizabeth Hazen na Rachel Brown, wanawake wawili wa jimbo la New York, walitangaza nistatini, dawa ifaayo kwa kuvu ya kinywa na ya ngozi, lakini isiyofaa kutiwa katika damu. Katikati ya miaka ya 1950 ikapatikana amfoterisini B, kutokana na vijidudu vya udongo wa bonde la mto Orinoco huko Venezuela. Hivyo udongo ule ule uleao kuvu ndio uliotoa silaha ya kuishinda. Lakini silaha hiyo ilikuwa kali: ilitiwa mshipani kila siku, ikamtetemesha mgonjwa kwa homa na kumdhuru figo. Baadaye zilifuata flusitosini, na mwaka 1990 flukonazoli, ambayo humezwa kama kidonge.

Mwaka 1984 mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI aliandikwa nchini Kenya, na mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Kuvu iliyokuwa adimu ikawa mgeni wa kila siku katika hospitali za Afrika Mashariki. Hapa ndipo palipo uchungu wa historia hii: dawa zilikuwapo duniani, lakini hazikuwapo wodini. Hospitali nyingi za Afrika zilikuwa na flukonazoli peke yake, ambayo huizuia kuvu isikue, bali haiiui upesi.

Tumfikirie mgonjwa atokaye Siakago kwenda hospitali kuu ya Embu. Kichwa kimemuuma majuma mawili. Kwanza alidhani ni malaria, akanunua vidonge dukani. Kisha akadhani ni homa ya matumbo. Afikapo, macho yake huona kitu kimoja kuwa viwili. Daktari ataka kumchoma sindano ya mgongo, lakini jamaa zake wakataa, kwa kuwa wamesikia kwamba sindano hiyo huua. La! Wengi waliokufa baada ya sindano hiyo waliletwa wakiwa mahututi. Ugonjwa ndio uliowaua. Tena sindano yenyewe ni tiba, maana hupunguza maji yanayoubana ubongo, na maumivu ya kichwa yakatulia.

Waafrika hawakukaa wakingoja kuokolewa. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mgonjwa wa kuvu hii aanzishwaye dawa za UKIMWI mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko yule angojaye majuma kama matano: kati ya kila wagonjwa 100 walioanzishwa mapema walikufa 45, na kati ya waliongoja walikufa 30. Kweli haraka haraka haina baraka. Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka, wa watu 1,999 waliofika kliniki kinga zao zikiwa zimeshuka sana. Wale waliopimwa kuvu mapema, na kutembelewa nyumbani na wasaidizi waliofunzwa, walipunguziwa vifo kwa asilimia 28. Kisha mwaka 2022 ukatangazwa utafiti wa nchi tano, Uganda ikiwamo: amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ikitolewa mara moja tu kwa kipimo kikubwa pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli, ilifaa sawa na matibabu ya siku nyingi, na madhara yake yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri njia hiyo itumike.

Hata hivyo, katika utafiti huo wa mwisho, karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne alikufa kabla ya majuma kumi kwisha, ijapokuwa alipewa dawa iliyo bora. Wengi hufika wamechelewa, na dawa hairudishi siku zilizopotea. Kwa hiyo historia hii haikukamilika kwa kupatikana kwa dawa. Itakamilika siku ambayo mtu wa Siakago atapimwa damu kabla kichwa hakijamuuma, na jamaa zake wataijua sindano ya mgongo kuwa rafiki. Mkulima hangoji kahawa ioze ndipo anyunyize dawa. Hekima hiyo ya shambani, tuliyoirithi kwa wazee wetu, na tuitumie pia kwa miili ya wapenzi wetu.