Viwanja vya Wazi vya Nairobi na Msimamizi Wao

Ardhi ya mji ina walaji wengi. Mwenye nyumba huitaka ili ajenge, mfanyabiashara huitaka ili auze, na serikali huitaka ili ipitishe barabara na kuweka ofisi zake. Kila mmoja wao ana sauti, ana hati, na ana mtu wa kumsemea. Walakini kipande cha ardhi kilichoachwa wazi ili watoto wacheze, wazee wapumzike na wachovu wavute pumzi hakina mdai anayeamka kila asubuhi kukidai. Faida yake hugawanyika kwa watu wengi mno, na fungu la kila mtu huwa dogo mno, hata siku kinapomegwa hapana mmoja aonaye kuwa amenyang'anywa kitu kikubwa. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuupangia mji bustani na viwanja kwa miaka hamsini au mia ijayo ni nzito kuliko inavyoonekana katika ramani. Rangi ya kijani hupakwa kwa dakika moja. Kuilinda huchukua vizazi.

Watu wa pwani yetu walilijua jambo hili zamani kwa njia ya wakfu. Mtu awekaye wakfu shamba au kisima huyataja mambo matatu: mali yenyewe na mipaka yake, watu watakaoifaidi, na msimamizi atakayeitunza na kuitetea baada ya mwekaji kufa. Likikosekana la tatu, mawili ya kwanza huwa maneno matupu, kwa kuwa mali isiyo na mtetezi ni karamu isiyo na mlango. Insha hii yakichukua kipimo hicho cha wakfu na kuipima nacho mipango ya mji mmoja, Nairobi, tangu ulipoanza mwaka 1899 hadi zama zetu. Dai lake ni kwamba wapangaji wa Nairobi walikuwa hodari wa kuitaja mali, wakasitasita katika kuwataja wafaidi, wakamsahau msimamizi. Msimamizi alijitokeza mwenyewe miongoni mwa raia, na sheria ilichukua zaidi ya miaka mia kumtambua.

Nairobi ilizaliwa kuwa kituo cha reli. Reli itokayo Mombasa ilifika hapo mwezi wa Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji baridi, na kambi ya mahema na mabati ikageuka mji kabla hajapatikana mtu wa kuupanga. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakuu waliteketeza soko la Wahindi kwa moto. Mwaka 1913 aliletwa Profesa W. J. Simpson kuichunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akashauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na baina yao uachwe ukanda wa ardhi tupu. Hapa msomaji na asimame kidogo. Ardhi ya wazi iliingia katika fikira za wapangaji wa Nairobi kwa kazi ya ukuta. Iliachwa ili watu wasikutane, ilhali kazi ya bustani ya mji ni kuwakutanisha. Na kwa kuwa sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimfanya Mwafrika aonekane mpita njia katika mji alioujenga, yeye hakuhesabiwa kuwa mfaidi wa uzuri wake.

Hata hivyo, ardhi iliyoachwa wazi ina tabia ya kumshinda aliyeiacha. Mwaka 1907 ilianza kupandwa miti ya kigeni katika mahali paitwapo Arboretum, penye hekta 30 hivi, ili ijulikane ni miti gani ingefaa kuwa kuni za magari-moshi. Reli iliacha kutumia kuni, lakini miti ilibaki. Na chini ya miti ile iliyokusudiwa kuchomwa, wakazi wa mji wametembea, wameomba na kusoma vitabu kwa vizazi kadhaa. Manufaa hayo hayakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote wa mwaka 1907. Yalipatikana kwa sababu moja tu, kwamba ardhi ilikuwapo bado.

Katika miaka ileile palitokea tendo lililo karibu na wakfu kwa maana yake. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyekuwa mkandarasi wa reli, alitoa mwaka 1906 bustani ya eka 5 hivi katikati ya mji kwa ajili ya watu, na humo ikasimamishwa sanamu ya Malkia Victoria. Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Ulipozuka mwaka 1991 mpango wa kuifanya bustani ile mahali pa jengo la kuegesha magari, mjukuu wake, mwandishi Zarina Patel, alisimama kuipinga, raia wengine wakamwunga mkono, na bustani ikasalimika. Sanamu ya Malkia ilivunjwa mwaka 2015, lakini nyasi zilizoizunguka zilibaki za watu. Yafaa kuangalia kilichoiokoa bustani hiyo. Ilikuwa na jina la mtoaji, ilikuwa na nia iliyotamkwa, na ilikuwa na warithi waliojiona wana deni la kuitetea. Viwanja vingi vya serikali havikuwa na lolote katika hayo.

Mpango mkuu wa mwaka 1948 ulitungwa na L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, wataalamu walioitwa kutoka Afrika Kusini, wakati mji ulipokuwa na watu karibu 119,000. Kwa ufundi, ulikuwa mpango wa kusifiwa. Ulitaka mji ugawanywe katika vitongoji, kila kitongoji kiwe na shule yake na nafasi zake za wazi, na mabonde ya mito yaachwe yawe kijani. Lakini jina lake lenyewe liliitangaza Nairobi kuwa mji mkuu wa koloni, na haki ya mpango hupimwa kwa mgawanyo wake. Nyumba za wafanyakazi ziliendelea kusongamana mashariki, karibu na viwanda. Nyumba zenye bustani zao wenyewe zilikaa magharibi na kaskazini, na huko huko ndiko ziliko Arboretum, City Park na msitu wa Karura. Mwenye eka nzima nyuma ya nyumba yake aliwekewa msitu jirani. Familia ya chumba kimoja iliwekewa vumbi la njia. Mali ilitajwa, na wafaidi wakachaguliwa kwa kimya.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mipaka ya mji ilipanuliwa hata kufikia kilometa za mraba 690 hivi. Tarehe 23 Mei 1969 Rais Jomo Kenyatta alifungua Uhuru Park, bustani ya hekta 13 hivi kando ya mitaa mikuu, na jina lake likatangaza kwamba wafaidi sasa ni wananchi wote. Mwaka huo mji ulikuwa na watu kiasi cha 509,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa karibu milioni 4.4. Baina ya tarakimu hizo mbili, mji ulipata mkakati wa ukuaji mwaka 1973, ambao sehemu kubwa yake haikutekelezwa, na mpango kamili uliofuata ulitolewa mwaka 2014. Kwa miaka 40 hivi mji ulikua mara nyingi kupita ramani yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika muda huo viwanja vya kuchezea, kingo za mito na sehemu za misitu viligawiwa watu binafsi, na Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ugawaji haramu wa ardhi ya umma ulivyokuwa desturi ya utawala.

Basi ni nani aliyekuwa na haki ya kusema hapana? Swali hilo liliulizwa mahakamani mwaka 1989. Mwaka huo ulijulikana mradi wa kujenga katika Uhuru Park jumba la ghorofa 60, litakalokuwa la shirika la gazeti la chama kilichotawala, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, aliandika barua kwa wakubwa wa nchi na wa mashirika ya kimataifa kuupinga. Bungeni alishutumiwa, na chama chake kikatolewa katika ofisi kilimokuwa. Alipokwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe, kesi yake ilitupwa, kwa hoja kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuwa ameguswa kwa namna ya pekee kuliko watu wengine. Hoja hiyo yastahili kufikiriwa sana na kila mwanafunzi wa mipango ya miji. Kwa kuwa bustani ilikuwa ya wote, hapakuwa na mmoja aliyeruhusiwa kuitetea. Umma ulionekana kuwa mwenye mali asiye na kinywa.

Jumba lile, pamoja na hayo, halikujengwa. Wafadhili wa nje walisita, mradi ukafifia, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umewekwa uliondolewa. Mwaka huohuo kina mama waliodai kufunguliwa kwa wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa walikusanyika katika pembe ya bustani ile wakafunga kula. Kwa kulitumia eneo hilo wakati wa shida, waliliweka muhuri kuliko hati yoyote.

Upande wa mashariki wa mji nao ulikuwa na muhuri wake. Tarehe 7 Julai 1990 watu walikwenda kiwanja cha Kamukunji kudai vyama vingi, ingawa mkutano ulipigwa marufuku na viongozi wake, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamekwisha kukamatwa. Polisi waliutawanya umati na watu wakafa. Katika Kiswahili cha Kenya, kamukunji ni mkutano wowote wa watu wa kujadili mambo yao. Uwanja ambao mpango wa koloni haukuupamba uliipa lugha neno, na mahali palipoingia katika lugha hapafutiki upesi katika ardhi.

Vita vya tatu vilikuwa vya Karura, msitu wa hekta 1,041 uliotangazwa hifadhi mwaka 1932. Sehemu zake ziligawiwa kwa siri katika miaka ya 1990, na waliokwenda kupanda miti ili kuuzuia ujenzi walipigwa, akiwamo Maathai mwenyewe, tarehe 8 Januari 1999. Wanafunzi wa vyuo waliingia katika ghasia hizo, na mwaka huo Rais alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Baadaye sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliviruhusu vyama vya wananchi kushirikiana na serikali katika kutunza misitu, na kwa njia hiyo jumuiya ya marafiki wa Karura ilishiriki kuugeuza msitu ulioogopwa kuwa mahali pa matembezi. Hapo ndipo msimamizi alipoandikwa kwa mara ya kwanza ndani ya mpango wenyewe.

Kisha ikaja tarehe 27 Agosti 2010. Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa rasmi mbele ya umati katika Uhuru Park, juu ya ardhi ileile ambayo mahakama ilikataa miaka 21 nyuma kumsikiliza mtetezi wake. Ibara ya 42 ya Katiba hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Kwa maneno ya wakfu, kila mfaidi amefanywa msimamizi. Kosa la mwaka 1989 lilirekebishwa, na lilirekebishwa mahali lilipotendeka.

Haifai kufunga hesabu hapo na kushangilia. Haki ya kushtaki ni upanga uliomo alani; hauchomoki wenyewe. Kesi huchukua miaka, ilhali tingatinga huchukua usiku mmoja, na ufa wa kiwanja hauzibiki baada ya ghorofa kusimama. Kwa hiyo mpango wa bustani wa miaka mingi wapaswa kuwa na daftari la kila kiwanja, liwekwe wazi kwa kila asomaye; uwape viwanja vya kwanza wale wasio na ua nyumbani; na umtaje kwa jina mlinzi wa kila mahali, awe chama cha mtaa, shule au jumuiya ya wazee. Mwanafunzi atakaye kuifanyia kazi historia hii aweza kuanza karibu: aende ofisi ya mpima ardhi, aitazame ramani ya mtaa wake, ahesabu viwanja vilivyoandikwa humo, kisha avitafute kwa miguu. Vile atakavyoviona aviulizie msimamizi wao, na vile asivyoviona aviulizie hati.