Mwendo wa Kitendakazi

Kitendakazi (function) kimechukua muda gani tangu kuitwa hadi kurudisha jibu? Kila mwandishi wa programu hujiuliza hivyo, na kupima si kazi ngumu. Kilichoshindikana ni jina. "Wakati wa kukimbia" ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "running time". Kwa Mswahili, anayekimbia yuko mbioni au ametoroka. Tena "wakati", kutoka Kiarabu waqt, huelekea kwenye lini. "Muda", kutoka mudda, ndio unaobeba kiasi gani. Mbaya zaidi ni "kasi ya kitendakazi", inayopindua hesabu: namba ikipanda kutoka milisekunde 12 hadi 40, kasi imeshuka. Ni kana kwamba kamati zinazopitisha maneno kama haya hazijawahi kuyajaribu kwenye kompyuta.

Neno lipo: mwendo.

Limezaliwa na kitenzi enda, mzazi yuleyule wa endesha, tunalolitumia kila siku kwa programu. Kinachoendeshwa kina mwendo wake. Na Waswahili wamezoea kuupima mwendo kwa saa: muulize mchuuzi wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo jijini Dar es Salaam, Posta ni mbali kiasi gani, atakujibu, "Mwendo wa nusu saa kwa miguu." Kilomita hakuitaja. Safari na muda wake vimekaa katika neno moja, bila kikao wala posho.

Wapinzani hudai fizikia imeshalitwaa. Fizikia ina mwendo na ina mwendokasi, maneno mawili kwa mambo mawili. Mkanganyiko uko wapi? Hilo la pili wakazi wa Dar es Salaam walilipa kazi nyingine: mabasi yaliyoanza 2016 yaliitwa rasmi Mabasi Yaendayo Haraka, lakini abiria wanaoshuka Gerezani, Kariakoo, husema wamepanda "mwendokasi". Na jina Kariakoo lenyewe halikungoja kamati: ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyotiwa katika matamshi ya watu takriban nusu karne kabla ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kuundwa 1967.

Pendekezo la "mwendo" liliwahi kufikishwa kwenye jopo moja, likarudi bila sababu hata moja. Sababu zitolewe, zitajibiwa.

Kwa matumizi: katika Python, soma time.perf_counter() kabla na baada, kisha toa namba ya kwanza katika ya pili. Epuka time.time(), kwani saa ya kompyuta ikirudishwa nyuma katikati, mwendo huweza kutoka hasi. Anayetaka muda wa prosesa peke yake atumie time.process_time(), isiyohesabu usingizi wa programu, na aandike "mwendo wa prosesa".