Komeo Lililogoma: Bunduki ya Ross na Neno Nililolikosa

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nikifasiri kurasa chache za historia kuhusu mapigano ya Ypres, nchini Ubelgiji, ya Aprili 1915. Nilikwenda vizuri hadi nilipofikia kile chuma ambacho askari hukivuta nyuma ili ganda lililotumika litoke, kisha hukisukuma mbele ili risasi mpya iingie. Hapo kalamu ikasimama. Mtutu ninaujua, kitako ninakijua, kifyatulio ninakijua, singe nayo ninaijua. Chuma hiki sikuwa na jina lake, na habari yote niliyokuwa nikiifasiri ilihusu chuma hicho kukataa kwenda.

Ningeweza kuandika “bolti”, lakini msomaji wetu angeona nati na spana. Nikarudi nyumbani, kwenye mlango wa zamani, nikaliona komeo. Kazi yake ni ile ile. Nyuma ya mtutu kuna chumba ambamo risasi hulala. Baruti inapolipuka, moto hutafuta njia ya kurudi alikotoka, yaani usoni mwa mpigaji. Komeo ndilo linalouzuia mlango huo. Neno hili tena lina kitenzi chake pamoja na kinyume chake: kukomea ni kufunga, kukomoa ni kufungua, kama vile ziba na zibua, au fyata na fyatua. Vijana wa leo wanalijua “kukomoa” kwa maana ya kutiana adabu tu. Maana ya mlango imebaki kwa wazee na kwa kamusi. Chumba cha risasi nacho nimekiita chumba, kwa kuwa “chemba” kwetu ni ya maji machafu.

Sasa habari yenyewe. Wakati wa Vita vya Makaburu, Kanada ilitaka bunduki za Lee-Enfield kutoka Uingereza, isizipate kwa kiasi ilichohitaji. Akatokea Sir Charles Ross, bwana mkubwa wa Kiskoti, mpenda uwindaji na ulengaji shabaha, aliyekuwa amebuni bunduki yake mwenyewe. Serikali ikaingia naye mkataba, kiwanda kikajengwa mjini Quebec. Toleo la mapema lilikuwa na kasoro, na askari polisi mmoja alipoteza jicho komeo lilipomrukia. Marekebisho yakafuata, na kuanzia mwaka 1910 likatoka toleo la tatu: bunduki ndefu ya karibu mita 1.3, yenye shabaha sahihi mno. Katika mashindano ya Bisley, Uingereza, ilijipatia sifa ambazo hakuna aliyeweza kuzipinga.

Tofauti yake na bunduki nyingine ilikuwa katika komeo. Katika Lee-Enfield au Mauser, askari huinua kwanza mpini, kisha huvuta. Kule kuinua si mapambo. Mpini unapozunguka, komeo husogea nyuma kidogo kwa nguvu nyingi, likalibandua ganda kutoka kwenye kuta za chumba kabla ya kulitoa. Ross yeye alitaka mkono uvute moja kwa moja tu, na mifereji iliyochongwa ndani ya komeo ikageuze kichwa chake chenyewe. Kwenye bunduki safi jambo hili lilikuwa la haraka na la kupendeza. Lakini ganda lililonasa lilipaswa kubanduliwa kwa nguvu ya mkono mtupu, bila msaada wa ule mzunguko wa mpini.

Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia gesi ya klorini karibu na Ypres, na tarehe 24 ikawafikia Wakanada wenyewe. Walijifunga vitambaa vilivyoloweshwa puani na mdomoni, wakafyatua risasi kwa haraka dhidi ya adui aliyekuwa akija nyuma ya wingu. Mitutu ikapata moto, na makomeo yakagoma. Watu walivuta kwa mikono miwili. Walilaza bunduki chini wakapiga mpini kwa kisigino cha buti, au kwa sepetu ya kuchimbia handaki. Kwa siku chache za mapigano hayo divisheni ile ilipoteza takriban watu 6,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Si wachache miongoni mwa waliosalia walionekana wakiwa na Lee-Enfield, walizoziokota kwa Waingereza waliokufa. Huwezi kumwekea askari alama mbaya kuliko hiyo kwenye ripoti ya bunduki yake.

Kwa nini komeo liligoma? Hapa ndipo nilipovutiwa zaidi, maana kila mwenye dhamana alikuwa na jibu moja, na kila jibu lilikuwa na ukweli nusu. Fundi mwenye busara akiletewa komeo gumu huuliza kwanza: linagoma lini? Likigoma hata bunduki ikiwa tupu, ugonjwa umo katika komeo lenyewe au katika njia yake. Likienda vizuri tupu, lakini likakataa kujifunga juu ya risasi nzima, ama risasi ni nene ama chumba ni chembamba. Likijifunga vyema na kukataa kufunguka baada ya kufyatua, shaba ya ganda imetanuka na kung'ang'ania ukuta, kwa sababu ya uchafu, joto, ubanifu wa chumba au udhaifu wa kubandua. Bunduki ya Ross ilikuwa na magonjwa haya yote kwa pamoja, ndiyo maana ubishi haukuisha.

Chumba chake kilichongwa kwa vipimo vya kubana, vikilingana na risasi nzuri za Kanada. Risasi za Uingereza, zilizotolewa kwa wingi na kwa pupa ya vita, zilitofautiana unene. Lee-Enfield ilizimeza, Ross ikazisonga. (Nimewahi kusahihisha mashairi ya wanafunzi ambayo mizani yake ilitimia kwenye karatasi, yakamkwama mwimbaji kooni.) Basi vyumba vikatanuliwa kiwandani na nyuma ya mstari wa mbele, na hali ikapungua ukali bila kwisha. Ndipo ikaja kubainika kasoro ya pili, iliyofichika zaidi. Komeo lilipovutwa nyuma kwa nguvu, jino lake la kushoto liligonga kizuizi chembamba kilicholisimamisha. Kila pigo lilipinda ncha ya jino hilo kidogo, na jino lililopinda halikuingia tena vyema katika njia yake. Kwa hiyo yule askari aliyepiga mpini kwa buti ili alikomoe komeo alikuwa akiliharibu kwa ajili ya risasi inayofuata. Baadaye kizuizi kilipanuliwa na chuma cha kichwa cha komeo kikatiwa ugumu zaidi, lakini imani ya askari ilikuwa imekwisha kwenda.

Sam Hughes, waziri wa mambo ya kijeshi wa Kanada, aliitetea bunduki hiyo kana kwamba ni mwanawe. Jenerali Alderson, Mwingereza aliyewaongoza Wakanada vitani, aliandika malalamiko. Mwaka 1916 akaondolewa katika uongozi wake. Hata hivyo katika mwaka huo huo Lee-Enfield zikachukua nafasi ya Ross katika majeshi ya Kanada yaliyokuwa vitani, na Novemba Hughes naye akaondoka madarakani. Mimi humwona Alderson kuwa ndiye aliyelipa gharama ya kusema alichokiona.

Walenga shabaha wa kuvizia hawakutaka kuirudisha. Mtu aliyelala kimya, mwenye risasi alizozichagua moja moja na kitambaa cha kufuta matope, hakuwa na ugomvi na komeo lile.

Katika tafsiri yangu nimeandika: “komeo liligoma kukomoka.” Mwenzangu mmoja amelikataa neno hilo, akasema askari wetu husema “kukoki” na hawahitaji zaidi. Lakini kukoki ni tendo, si jina la chuma. Kama yupo msomaji ambaye babu au baba yake alitumikia KAR na alimsikia akikitaja chuma hicho kwa jina, naomba aniandikie kabla sijapeleka kurasa zangu kwa mchapaji.