Mbiu Isiyo na Mpigaji

Wahenga walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Hapo kale, katika nchi ya Wadigo, tangu Likoni mpaka Vanga, habari ilichukuliwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na jina na kwao. Wazee wa kaya walipoletewa neno, waliweza kumweka mjumbe mbele yao na kumwuliza, "Umeona kwa macho yako, au umesimuliwa?" Upungufu wa njia hiyo ulikuwa mwendo wake wa taratibu, wema wake ulikuwa kwamba neno lilikuwa na mwenyewe.

Ubaya wa neno lisilo na mwenyewe ulidhihirika mwaka wa 1997, kabla simu za mkononi hazijaenea. Usiku wa tarehe 13 Agosti watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na fujo ikaenea hata Ukunda na Diani. Vikaratasi visivyojulikana mwandishi vilikuwa vimetawanywa, vikiwaamuru watu wa bara waondoke pwani. Vibanda vilichomwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia makwao. Vijana wengi wa Kidigo walikamatwa. Watalii nao waliacha kuja. Hoteli za Diani zikawa tupu, na mpishi mwenyeji akakosa kazi sawasawa na mwenzake wa bara. Hivyo karatasi ndogo iliwaunguza hata wale ambao ilidai kuwatetea.

Miaka 10 baadaye karatasi iligeuka simu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jumbe za chuki zilipita mikononi mwa watu katika machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,000 nchini Kenya. Lakini simu zile zile zilitumika kwa wema. Mnamo Januari 2008 Wakenya wachache walianzisha mtandao ulioitwa Ushahidi. Raia walipeleka habari za maovu waliyoyaona, nazo zikaonyeshwa katika ramani ili ulimwengu ujue.

Mwaka wa 2009 nyaya mpya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na mitandao ya kijamii ikaenea upesi. Hapana shaka faida zake ni kubwa. Msiba ukitokea Msambweni asubuhi, jamaa aliyeko Maskati hupata habari kabla ya maziko, na mchango wake hufika siku hiyo hiyo. Mwenye mashua wa Diani huwatangazia wageni safari zake bila dalali. Lakini uvumi nao hupanda chombo hicho hicho, na apelekaye neno kwa watu 100 aghalabu hajui lilitoka kwa nani.

Basi si haki kuilaumu simu, kwa maana mwaka wa 1997 uovu ulifanyika pasipo simu. Wala si busara kuisifu tu, kwa kuwa imempa mwongo miguu myepesi kuliko ya mjumbe yeyote wa kale. Yatupasa kurudisha swali la wazee. Kila upokeapo habari inayokutia hasira juu ya jirani yako, uliza kwanza, "Nani ameona?" Ikiwa hapana ajibuye, mbiu hiyo usiipige wewe.